Kompresa ya Shangazi

9 Februari

Mwanangu wa kaka yangu,

Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake. Baba yako mdogo naye yupo, anakula, anakoroma, friji lake limekufa na analiomboleza kuliko alivyoomboleza mjomba wake. Mkwe wangu mwokaji hajambo? Mwambie ule mkate aliotuletea mwaka jana bado tunausimulia.

Naandika kwa sababu simu mimi sipigi, unajua. Mtu aliyetangaza treni miaka ishirini na sita, kutwa mdomo uko kwenye maikrofoni, akifika nyumbani hataki tena kuongea na chombo. Wewe niandikie, nitasoma nimenyoosha mguu.

Jambo lenyewe ni dogo. Nasikia ukishamaliza kutengeneza mizani za watu wa sokoni unajifungia ndani unaunda mashine za studio kwa mikono yako. Ya kwanza inaitwa priampu, ya pili kompresa, na ukiziunganisha, mtu mwenye sauti ya chura anatoka na sauti ya kasuku. Ni kweli? Kama ni kweli, niundie moja moja.

Ni kwa ajili ya kwaya. Kwaya yetu inataka kurekodi. Usiniulize maswali mengi.

Nimeshamwambia baba yako mdogo kwamba unatengeneza kompresa. Amefurahi mno, sijui kwa nini.

Shangazi yako


1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole na goti. Huku tuko salama, kazi zinakwenda, mvua inanyesha inapotaka. Mume wangu anakusalimu, yuko safarini.

Sasa nimejua kwa nini baba mdogo alifurahi. Jumanne lori lilisimama mlangoni kwangu, wanaume watatu wakashusha friji, wakaliweka ukumbini, wakanipa kikaratasi: "Kwa fundi wa kompresa. Halina haraka, ila nyama inaharibika." Shangazi, tafadhali mweleze. Kompresa ya friji inabana gesi. Kompresa yangu inabana sauti. Mtu akipayuka, inamshusha. Akinong'ona, inamsogeza mbele. Haigandishi maji wala haihifadhi nyama. Nilimpigia simu kumweleza, akanijibu, "Sawa mwanangu, wewe anza na hiyo ya sauti, ukimaliza uje kwenye nyama."

Friji bado liko ukumbini. Nahifadhia waya ndani yake.

Hiyo priampu nayo ni hivi: sauti inapotoka kwenye maikrofoni huwa ndogo kama hatua za sisimizi. Priampu inaipokea na kuikuza mpaka iwe sauti ya mtu, bila kuichafua. Ndiyo hutangulia, kompresa hufuata. Nafanyia kazi kwenye meza ya pasi kwa kuwa ndiyo meza pekee ninayoweza kuipandisha na kuishusha. Kwa sababu hiyo nyumba hii haijaona shati lililonyooka tangu mwaka jana.

Nimeshaanza kukuundia, na kwa furaha. Ila Shangazi, kwaya gani? Ile ya mtaani walikutoa mwaka juzi. Ulisema mwenyewe: kila wimbo ukiisha, ulikuwa unawaaga watu na kuwatakia safari njema.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Nimepata barua yako leo asubuhi. Nilikuwa dirishani, nikamwona mtu wa posta anakuja tangu kwenye kona, kama kila siku, baiskeli yake inalia kama mbuzi. Goti linaendelea na mambo yake. Baba yako mdogo anauliza hali ya mgonjwa. Nilidhani ananiulizia mimi, kumbe friji.

Sikutolewa kwenye kwaya. Tulikubaliana niondoke.

Basi nikwambie, maana umenibana. Si kwaya. Ni stesheni. Tumepata mkuu mpya, sisi tunamwita Tai Fupi, tai yake inaishia juu ya kitovu kana kwamba imeogopa kushuka. Amekuja na kompyuta. Anasema siku hizi matangazo hayasemwi, yanarekodiwa mara moja na mashine inayapanga yenyewe. Akatusikilizisha sauti ya binti mmoja aliyerekodiwa huko walikoitoa kompyuta. Laini kama losheni! Lakini kila kitu anakisema kwa furaha. "Treni imefutwa!" utadhani anatangaza harusi. Mzee mmoja alikuwa anapita na sanduku lake, akapiga makofi.

Nikamwambia Tai Fupi, kama ni kurekodi, rekodini ya kwangu. Akacheka, halafu akaona sicheki. Akasema, "Lete mwishoni mwa Mei. Iwe safi, isiwe na mvumo, na isipande na kushuka." Nikajirekodi kwa simu ya baba yako mdogo. Nikasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Tena ni kweli, napanda na kushuka. Nikitaja treni inakokwenda, napaza sauti mpaka njiwa wanaruka. Nikifika kwenye "imechelewa," sauti inazama. Ni aibu, mwanangu. Miaka yote hii sijazoea kuwaambia watu walioamka mapema kwamba wameamka bure.

Basi hiyo mashine yako inayomshusha anayepayuka na kumsogeza anayenong'ona, ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka.

Sasa na mimi niulize. Umesema mume wako yuko safarini. Mume wako ni mwokaji mikate. Mwokaji husafiri kwenda wapi? Unga unaletwa, tanuri halina miguu.

Shangazi


11 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumai hujambo na goti limerudi kundini. Huku ni wazima. Mume wangu bado yuko safarini, anakusalimu sana.

Mzigo nimeukabidhi kwa gadi wa treni ya Alhamisi, yule mwenye masharubu, akasema wewe anakujua. Ndani utakuta visanduku viwili vya bati, kirekodi kidogo chenye kadi, maikrofoni moja ya kuazima na waya zake. Nimezifunga vitambaa vya rangi ili usikosee: nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Ukiona unalazimisha kuchomeka, ujue umekosea, usitumie nguvu wala usimwite baba mdogo.

Nikwambie yaliyonipata, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Priampu niliiunga kwa risasi ya kuyeyusha wiki nzima, kila kinyuzi mahali pake. Nilipoiwasha, badala ya kunyamaza ikaanza kunguruma. Nguuuu, kama mtu anayefikiria jambo zito. Nimekagua kila kiungo. Nimebadilisha waya wa ardhi mara mbili. Nikalala nayo akilini, nikaamka nayo. Mwisho, kwa hasira, nikaligeuza lile transfoma, kipande kizito kinachopunguza nguvu ya umeme, upande, robo mzunguko tu, na mngurumo ukakatika. Transfoma lilikuwa limetazamana na waya wa maikrofoni, likawa linaumimina mvumo wake humo moja kwa moja. Kuligeuza tu kisogo, kimya. Niliruka mpaka meza ya pasi ikajikunja na kunibana kidole.

Kompresa ndiyo naipenda zaidi. Ndani yake kuna kijitaa kidogo na kijicho kinachoona mwanga, nimevifungia pamoja ndani ya mrija mweusi kama majirani kwenye chumba kimoja. Sauti yako ikipanda, kijitaa kinang'aa, kijicho kinaona mwanga, kinaibana sauti. Ukishuka, kijitaa kinafifia, kijicho kinaiachia. Hakuna ujanja zaidi ya huo. Mwimbaji mmoja wa jirani niliyemtengenezea kama hiyo alikuja kuniuliza kwa nini sasa anasikia maneno ya wimbo wake mwenyewe, na kwa nini hayana maana.

Shangazi, jambo moja limenikaa. Umesema mtu wa posta unamwona dirishani kila asubuhi. Asubuhi wewe huwa nyuma ya kioo cha stesheni, unatangaza. Dirisha lipi hilo?

Mwanao


3 Mei

Mwanangu,

Salamu ni nyingi lakini leo nina moto, zigawe mwenyewe.

Mzigo umefika. Gadi wa masharubu aliubeba mapajani safari nzima, akasema ulikuwa mzito lakini unanukia vizuri. Nikafungua, nikachomeka nyekundu kwa nyekundu na kijani kwa kijani, sikutumia nguvu, baba yako mdogo nikamfungia nje. Nikaweka vitu vyote mezani kwenye dirisha, nikakaa wima, nikasema, "Abiria wote." Nikasikiliza. Kumbe nimenong'ona! Nikapaza. Bado nanong'ona. Nikapiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa, lakini kwenye kadi nasikika kama mtu anayeungama dhambi.

Nikaacha, nikapika, nikala. Giza lilipoingia nikajaribu tena ili nikuandikie vizuri matusi. Nikasema, "Abiria wote," na loo! Sauti yangu. Nzima, nene, iliyosimama. "Imechelewa" imesikika sawasawa na "inaondoka." Nilikaa nikajisikiliza kama mara kumi. Sikujua nina sauti nzuri hivyo. Ningejua ningedai kitu.

Kesho yake asubuhi, ikaanza tena kunong'ona. Mashine gani hii inayoona haya mchana? Baba yako mdogo amesema ni jini. Nimemwambia jini halina waya wa kijani.

La pili. Kisanduku chako kikipata joto kinanukia mkate. Si harufu ya mbali, ni ya mkate wenyewe, wa siagi. Nikakigeuza, nikakiangalia pembe zake. Mwanangu, huu ni mkebe wa kuokea. Yote miwili. Umemtoboa mume wako mikebe?

La tatu ni kujibu lako. Dirisha ni la nyumbani. Tai Fupi aliniondoa kwenye maikrofoni tangu Januari. Aliniita ofisini akaniambia nipumzike kwa likizo mpaka mfumo mpya ukae sawa. Likizo ambayo sikuiomba. Sikuwaambia. Asubuhi navaa sare, nafunga kitambaa shingoni, nakaa dirishani. Baba yako mdogo anadhani zamu yangu imebadilishwa kuwa ya mchana, na mchana natoka nazunguka sokoni mpaka jua lipoe. Nimewahi kununua bamia ambazo sizihitaji siku nne mfululizo.

Haya, nimesema. Zamu yako.

Shangazi


12 Mei

Shangazi, shikamoo, naandika haraka ili barua iwahi treni ya leo.

Kosa ni langu. Ule mrija mweusi sikuuziba vizuri mwisho wake, na tundu nililotoboa kwa ajili ya kitufe limekaa mkabala nao. Mwanga wa dirishani unaingia, kijicho kinadhani ni kijitaa, kinadhani unapayuka, kinakubana. Jua likizama kinakuachia. Si jini. Kifunike na kitu cheusi, kizito, lakini acha nafasi nyuma kipumue. Kisha rekodi saa yoyote unayotaka.

Mikebe ni kweli. Bati zake ni nzuri mno, Shangazi, nene, hazipitishi mvumo wa nje, na pembe zake zimekunjwa na mtu aliyejua kazi. Nilitafuta sokoni zingine kama hizo sikupata. Zilikuwa kabatini, juu kabisa, hazitumiki. Nilidhani ni mikebe tu. Kumbe ni ya marehemu baba yake, ndiyo aliyoanzia kazi. Alirudi akanikuta nimekaza mmoja kwenye meza ya pasi, natoboa tundu la nne. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama, akaangalia, akachukua mto wake, akaondoka. Tangu mwezi wa pili analala kiwandani kwake, juu ya magunia ya unga. Anapita Jumamosi kuchukua nguo, anasema "habari," anaondoka na mashati yaliyokunjamana.

Ndiyo safari yenyewe. Mwendo wa mitaa miwili.

Sijamwomba radhi. Kila nikifungua mdomo natoka na maelezo kuhusu bati.

Na wewe Shangazi, acha kununua bamia. Rekodi.

Mwanao


29 Mei

Mwanangu,

Nimekifunika kwa sketi yangu nyeusi, ile ya misibani. Sasa kinafanya kazi mchana kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Nimerekodi siku mbili. Nilijifungia kwenye kabati la nguo kwa kuwa ukumbini kila kitu kinatoa mwangwi, makoti ya marehemu mume wangu yananigusa masikio, maikrofoni nimeifunga kwenye kining'inizio kwa kamba ya kiatu. Ilibidi nimwambie baba yako mdogo yote. Alikasirika kwa muda wa dakika chache kwamba nimemdanganya, kisha akauliza kama anaweza kusaidia. Nikampa kazi ya kulinda mlango. Aliilinda vizuri hadi nilipofika treni ya mwisho, ndipo akapiga chafya ambayo mashine yako iliisogeza mbele kwa uaminifu wote. Ikabidi nirudie.

Nikaipeleka kadi kwa Tai Fupi mwenyewe, nimevaa sare yangu. Sikukaa. Nikamwambia, "Umesema safi, isiyo na mvumo, isiyopanda wala kushuka. Hiyo hapo." Akachomeka kadi kwenye kompyuta. Mwanangu, ile ofisi ni ya kioo, na mlango aliuacha wazi. Niliposema kwenye spika, "Abiria wote," wabeba mizigo nje wakasimama. Mmoja akavua kofia. Muuza tiketi akatoa kichwa dirishani akasema, "Amerudi?" Tai Fupi akafunga mlango. Amesema atafikiria. Nimemwambia afikirie haraka, watu wana safari.

Nakutumia kadi ya pili, uisikilize kazi yako. Isikilize mpaka mwisho. Na usiisikilize peke yako. Isikilize Jumamosi, wakati wa nguo.

Shangazi


21 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sijui nikuanzie wapi. Mimi mzima. Wewe ni mtu hatari.

Jumamosi alikuja kama kawaida. Nilikuwa nimeweka kadi kwenye ile redio kubwa ya ukumbini, juu ya friji. Nikamwambia, "Kuna kazi nimeimaliza, ningependa uisikie." Akasema ana haraka, unga unaumuka. Lakini hakuondoka, akasimama na begi mkononi. Nikabonyeza.

Ukaanza. Treni ya asubuhi, treni ya mizigo, vifurushi visiachwe bila mwenyewe. Nikamwona anasikiliza. Akasema, "Huyu ni shangazi?" Nikasema ndiye. "Sauti yake imekaa vizuri." Hilo ni neno zuri la kwanza tangu mwezi wa pili, nikaona nisimame hapo hapo nisipumue. Kisha ukanyamaza, nikadhani imekwisha, nikanyoosha mkono kuzima. Ndipo ukasema, kwa sauti ile ile ya stesheni, bila kucheka hata kidogo:

"Tangazo. Abiria mwokaji mikate, aliyeondoka nyumbani na mto mmoja, anaombwa kurejea alikotoka. Mke wake anamsubiri jukwaa namba moja, karibu na meza ya pasi. Mke huyo alitoboa mikebe ya baba mkwe bila ruhusa. Anajua amekosa, ila akifungua mdomo hutoka bati. Abiria anakumbushwa kwamba magunia ya unga si kituo, na kwamba aliyeoa fundi ameoa na matundu yake. Tunasikitika kwa usumbufu."

Shangazi, nilitamani friji lifunguke linimeze. Yeye aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nami nikaanza kulia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini sakafuni na begi lake.

"Ungeniomba," akasema alipopata pumzi.

"Ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi."

"Lakini ungeniomba, nikakukatalia, ukaichukua ukijua nimekataa. Hapo ningekasirika vizuri. Hivi ulivyofanya nimeshindwa hata pa kuanzia."

Nikamwambia nimekosa. Hivyo tu, Shangazi, sikuongeza neno kuhusu unene wa bati. Nikamwambia akitaka naweza kuzitoa mashine zote ndani, nizibe matundu, nimrudishie. Akafikiria. Akasema baba yake alikuwa mtu mpole kupita kiasi, wateja walikuwa wanasimama dukani wakimwomba arudie alichosema. "Mikebe yake ikipaza sauti ya mtu, mimi sioni ubaya. Lakini iliyobaki iko kabatini, juu, upande wa kulia. Ni mitatu. Nimeihesabu."

Amerudi na mto wake. Nyumba nzima ina harufu yake, na yeye ana harufu ya unga.

Stesheni wamesemaje? Hukuniambia kitu.

Mwanao


17 Agosti

Mwanangu,

Samahani kwa kukaa kimya. Mkwe wangu nisalimie mara mbili, kwa kurudi na kwa ule mkate aliotutumia, umefika ukiwa mzima na gadi alikula pembe moja tu.

Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu la kukupa. Mwezi wa saba wote Tai Fupi hakusema kitu. Nikaambiwa na muuza tiketi kwamba wamemweka binti wa losheni. Nikavua sare, nikaikunja, nikaiweka chini ya makoti kabatini, nikakaa dirishani na gauni la nyumbani. Baba yako mdogo alinipikia siku hiyo, na kwa kuwa hajui kupika, nikajua ananionea huruma kweli.

Wiki iliyopita Tai Fupi akaja hapa kwangu. Mwenyewe, kwa miguu, jasho linamtoka, tai imezidi kupanda. Nikamkaribisha, nikampa kiti kile kisichoyumba. Akazunguka zunguka, habari ya goti, habari ya mvua. Mwisho akasema.

Binti yuko vizuri, akasema, treni zikiwa vizuri. Lakini kila akitangaza "treni imechelewa" kwa ile furaha yake, watu wanapandwa na hasira. Siku moja walivunja kioo cha ofisi yake. Siku nyingine mama mmoja aliivua sandali akairusha kwenye spika, na sandali bado iko juu kule, hawana ngazi ya kufikia. Basi fundi wa kompyuta, kwa kujaribu tu, akaichukua kadi yangu akaweka sauti yangu kwenye machelewa peke yake. Binti akasema treni inaondoka, mimi nikasema haiondoki. Watu wakanung'unika kidogo, wakaketi, wakafungua vyakula vyao. Hakuna aliyerusha kitu.

"Kwa hiyo," akasema Tai Fupi, "tunaomba tutumie yako kwa machelewa. Na treni zilizofutwa. Na maji yakikatika chooni."

Nikamwuliza, "Na binti?"

"Binti atabaki na treni zinazowahi."

Mwanangu, nilikubali bila kusubiri, nikaagana naye vizuri mpaka mlangoni. Alipopotea kwenye kona ndipo nikacheka mpaka goti likanyooka. Nimeitumikia stesheni ile miaka ishirini na sita. Hakuna anayejua kama mimi ni treni ngapi zinawahi. Yule binti maskini atasikika sikukuu kwa sikukuu.

Nimestaafu rasmi, wamenipa na barua ya asante yenye jina lililokosewa herufi. Lakini kila asubuhi nakwenda, nakaa benchi la tatu, najisikiliza. Jana nilikaa na bwana mmoja mwenye kikapu cha vifaranga. Nikasema kwenye spika kwamba treni yake imechelewa kwa dakika ishirini na tunasikitika. Akageuka kunitazama, akasema, "Huyu mama ni mwongo. Juzi alisema hivi hivi, nikakaa hapa mpaka mchana. Lakini ukimsikia, unaona anakuonea huruma kwelikweli."

Nikamwambia, "Anakuonea huruma kweli, ndugu yangu. Sogea kidogo, tukae."

Shangazi yako